Gesi Ndani ya Matope

Watu wengi wamekwisha kusikia habari za gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa kidogo cha pwani ya Kilwa. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, nayo huendesha mitambo ya umeme na viwanda. Wengine wamesikia habari za Mnazi Bay, kule Mtwara, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982. Na jirani zetu wa Uganda walianza mwaka 2023 kuchimba visima vya mafuta vya Kingfisher, kando ya Ziwa Albert. Kwa hiyo si ajabu siku hizi kijana wa kijijini kuaga nyumbani na kusema, “Baba, nimepata kazi kwenye visima.”

Mzazi akisikia hivyo hufurahi, kisha hukaa kimya akiwaza. Kazi yenyewe ni ya namna gani? Hatari yake iko wapi? Kijana naye mara nyingi hawezi kueleza, maana hajaiona bado. Basi leo tutazame sehemu moja tu ya kazi hiyo, sehemu isiyotajwa sana, lakini ambayo maisha ya wachimbaji wote huitegemea: jinsi gesi iliyonaswa ndani ya matope ya kuchimbia inavyotolewa kwa mitambo. Atakayeifahamu sehemu hii atakuwa amefahamu nusu ya hatari ya kisima, na nusu ya kinga yake.

MATOPE YA NINI?

Kisima cha gesi hakichimbwi kwa jembe wala kwa sururu. Husimamishwa mnara mrefu wa chuma. Katikati ya mnara huteremshwa bomba, kipande baada ya kipande, na kwenye ncha ya chini hufungwa kekee kubwa yenye meno magumu. Bomba huzungushwa, na kekee husaga mwamba. Wakati huohuo pampu kubwa husukuma matope ndani ya bomba mpaka chini kabisa. Matope hutokea kwenye vitundu vya kekee, kisha hupanda juu tena kwa nje ya bomba, kati ya bomba na ukuta wa kisima. Yakifika juu husafishwa, halafu hurudishwa kwenye pampu na kuanza safari upya. Huenda yakizunguka hivyo usiku na mchana.

Matope haya si yale ya njiani wakati wa masika. Hutengenezwa kwa kipimo kama dawa. Huwa na maji, au pengine mafuta badala ya maji. Huwa na udongo laini wa mfinyanzi uitwao bentonaiti. Tena hutiwa unga wa jiwe liitwalo baraiti, ambalo ni zito kuliko maji mara nne na zaidi. Kazi zake ni tatu. Ya kwanza, kupoza kekee isiungue. Ya pili, kubeba vipande vya mwamba uliosagwa na kuvileta juu. Ya tatu, ndiyo kubwa kuliko zote, ni kukandamiza kisima kwa uzito wake, ili gesi na mafuta yaliyofungwa ndani ya mwamba yasirukie nje.

Uzito huo si mdogo. Kila mita 10 za maji hukandamiza kwa nguvu ya kilo 1 hivi juu ya kila sentimita mraba. Haya, tufanye hesabu. Kisima kina urefu wa mita 3,000, na matope yake yana uzito wa mara 1.2 kuliko maji. Basi kule chini matope hukandamiza kwa kilo 360 juu ya kila sentimita mraba. Sentimita mraba moja ni kama ukucha wa kidole kidogo. Fikiri magunia manne ya mahindi, kila moja la kilo 90, yamepangwa yote juu ya ukucha huo! Ndiyo nguvu inayoizuia gesi isitoke.

Zamani wachimbaji hawakuyajua matope hivi. Kule Spindletop, katika jimbo la Texas, Marekani, wachimbaji walishindwa na mchanga uliokuwa ukibomoka na kufukia tundu lao. Husimuliwa kwamba waliswaga ng'ombe ndani ya dimbwi la maji, wakawazungusha humo mpaka maji yakavurugika na kuwa matope, na matope hayo wakayasukuma kisimani. Mchanga ukashikamana, nao wakaendelea. Lakini matope yale hayakuwa na uzito wa kutosha. Tarehe 10 Januari 1901, walipofika kina cha karibu mita 350, kisima kililipuka, kikatapika matope, gesi na mafuta juu kuliko mnara wenyewe, na zilipita siku tisa kabla ya kufungwa. Siku hizo watu walishangilia kwa sababu mafuta yamepatikana. Leo mlipuko wa namna ile ni msiba, wala hakuna mchimbaji anayeutamani. Katika miaka ya 1920 watu walianza kuongeza baraiti katika matope ili yawe mazito, na tangu hapo uzito wa matope umekuwa mlinzi wa kwanza wa kisima.

GESI HUINGIAJE?

Kama matope yana uzito wote huo, mtu aweza kuuliza, gesi yapitaje? Hupita kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kawaida. Mwamba wenyewe una vitundu vidogo vilivyojaa gesi. Kekee ikiusaga, gesi ile iliyokuwa ndani ya vipande hutoka na kuchanganyika na matope. Ni kidogo, na kila mchimbaji huitazamia.

Njia ya pili ni wakati wa kuinua bomba. Likivutwa kwa haraka, hufyonza kama mtu anayevuta mpini wa pampu ya baiskeli, na gesi huvutwa kutoka mwambani kuingia kisimani.

Njia ya tatu ndiyo mbaya. Kekee hufika kwenye mwamba ambao nguvu ya gesi yake yashinda uzito wa matope. Hapo gesi haivutwi wala haisagwi. Yajiingiza yenyewe, tena kwa wingi, na huanza kuyasukuma matope kwenda juu.

Sasa sikilizeni tabia ya gesi, maana hatari yote imo humo. Robert Boyle, mtaalamu wa Uingereza, alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ikikandamizwa hupungua ukubwa, na ikiachiliwa huongezeka, kwa kadiri ileile. Tuseme debe moja la gesi limeingia katika kisima chetu cha mita 3,000. Linapanda pamoja na matope. Likifika mita 1,500 kutoka juu, uzito wa matope juu yake umebaki nusu, basi debe limekuwa madebe mawili tu. Nusu ya safari imekwisha, na hakuna aliyeona ajabu. Likifika mita 750 limekuwa manne. Likifika mita 375, manane. Lakini katika mita chache za mwisho huvimba kwa ghafula, na likitoka nje linakuwa karibu madebe 300! Gesi iliyopita chini kimya kimya hufika juu kama kundi la nyati.

Ikiwa matope yametengenezwa kwa mafuta, hila huzidi. Gesi huyeyuka ndani yake kama chumvi ndani ya maji, na yaweza kujificha mpaka karibu na juu kabisa, halafu hujitokeza yote kwa mara moja, kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa.

KWA NINI ITOLEWE?

Hata ile gesi kidogo ya kawaida haifai kuachwa ndani ya matope, kwa sababu tatu.

Kwanza, matope yenye mapovu ni mepesi. Yakirudishwa kisimani na mapovu yake, mara ya pili na mara ya tatu, uzito unaokizuia kisima hupungua kila safari, na mlinzi wetu wa kwanza anakuwa dhaifu.

Pili, pampu haipendi gesi. Pampu iliyozoea kusukuma kitu kizito ikimeza mapovu hupiga bure, hutetemeka na kuharibika.

Tatu, gesi yenyewe huua. Gesi ya visimani kwa sehemu kubwa ni methani. Haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 5 mpaka 15 katika kila 100, cheche moja yatosha kuilipua. Na katika visima vingine hutoka gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, yenye kunuka kama mayai viza. Hiyo ni sumu kali, tena ina udanganyifu: ikiwa nyingi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, hata mtu hudhani imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Ndiyo sababu kwenye visima huwekwa vyombo vya kuinusa gesi badala ya kutegemea pua za watu, na ni marufuku kabisa kuvuta sigara karibu na matope.

CHOMBO CHA KILA SIKU

Mama yeyote apikaye uji ajua jambo hili. Maji matupu yakichemka, mapovu hupanda na kupasuka mara moja. Uji mzito ukichemka, povu hukwama, huvimba polepole, halafu hupasuka kwa kishindo na kumrukia mpishi mkononi. Matope ya kuchimbia ni kama uji mzito. Mapovu makubwa hutoka yenyewe, lakini yale madogo madogo kama mbegu za ulezi hayana nguvu ya kupanda. Ukiyaacha tangini yatakaa humo saa nyingi. Lazima yasaidiwe.

Matope yanapotoka kisimani hupita kwanza juu ya chekeche kubwa za waya zinazotikiswa kwa mota. Hapo vipande vya mwamba hubaki juu, na matope hupita chini kuingia katika tangi. Baada ya hapo hufikia chombo cha kutoa mapovu. Huwekwa mapema, kabla ya mitambo inayochuja mchanga mwembamba, kwa sababu mitambo hiyo hulishwa kwa pampu, na tumekwisha kuona kwamba pampu na gesi hazipatani.

Chombo chenyewe ni tangi la chuma lililofungwa pande zote. Pampu ndogo hufyonza hewa iliyomo ndani na kuitupa nje, hata ndani ya tangi hubaki hewa chache sana. Kwa kuwa hewa ya nje ina nguvu zaidi, huyasukuma matope yapande yenyewe kwa bomba na kuingia ndani. Humo hukuta vibamba vya chuma vilivyolala mshazari, kimoja chini ya kingine, kama vigae vya paa. Matope hutandazwa juu ya vibamba hivyo na kuteremka yakiwa membamba kama chapati.

Hapo mambo mawili hutendeka. Povu lililokuwa limezikwa ndani ya matope mengi sasa liko karibu na uso, kwa hiyo safari yake ya kutoka ni fupi. Tena, kwa kuwa hewa ya tangini ni chache, povu hulivimbia tangi, kwa kanuni ileile ya Boyle. Hewa ikipunguzwa nusu, povu hukua mara mbili. Likisha kukua hupata nguvu, hupasua ngozi ya matope na kutoka. Gesi hufyonzwa na kupelekwa mbali kwa bomba. Matope mazima, yenye uzito wake wa kwanza, huteremka chini ya tangi na kurudi kazini.

Kuna na chombo cha namna nyingine, ambamo matope hurushwa kwa nguvu na pampu yakapige ukuta wa ndani. Kwa kishindo kile hutawanyika, na mapovu hupasuka. Maana yake ni ileile: fanya matope yawe membamba, ulipe povu njia ya kutokea.

Mafanikio ya kazi hii hupimwa kwa mizani ndogo. Mfanyakazi huchota matope kabla ya chombo na baada ya chombo, akayapima yote mawili. Kama uzito umerudi ulivyokuwa, chombo kinafanya kazi. Kama haukurudi, basi ama chombo kimeziba, ama gesi ni nyingi kuliko nguvu zake. Ni kazi ya kijana mwenye kikombe na daftari, na mtu aweza kuidharau. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

CHOMBO CHA SIKU YA HATARI

Gesi ikijiingiza kwa wingi, yaani kwa ile njia ya tatu, chombo cha kila siku hakitoshi kabisa. Hapo kuna utaratibu mwingine.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za gesi ni hizi: matope yanayorudi ni mengi kuliko yanayosukumwa, matangi yanajaa bila mtu kuyaongeza, kekee yaanza ghafula kwenda kwa haraka, au pampu imesimamishwa, na bado matope yanatoka. Mchimbaji mwenye akili akiona hata moja ya dalili hizi, husimamisha kazi na kutazama. Kama kisima kinatiririka chenyewe, hufungwa mara moja kwa vali kubwa zilizoko kwenye mdomo wake. Vali hizo hulikumbatia bomba na kuziba nafasi yote iliyolizunguka.

Kisima kikisha kufungwa, gesi imo ndani, imenaswa. Sasa yatolewa kwa kipimo. Pampu huendeshwa polepole, mara nyingi kwa nusu au theluthi ya mwendo wake wa kawaida, na matope yenye gesi huruhusiwa kutoka kwa njia ya pembeni yenye koo jembamba, ambalo mtu hulibana au kulilegeza huku macho yake yako kwenye saa za kupimia nguvu. Kutoka kooni mchanganyiko huo hupelekwa katika chombo chetu cha pili, mtambo wa kutenganisha gesi na matope.

Kwa kuutazama ni kitu cha kawaida sana. Ni pipa refu la chuma lililosimama wima. Mchanganyiko huingia kwa ubavuni na kupiga bamba la chuma, kisha huanguka kutoka kibao hadi kibao. Kila unapoanguka, gesi huachana na matope. Gesi, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kutoka juu kwa bomba pana linaloipeleka mbali, mahali inapoweza kuunguzwa pasipo kumdhuru mtu. Matope huteremka na kutoka kwa chini.

Lakini nini kinaizuia gesi isitoke kwa chini pamoja na matope? Hapa ndipo penye siri ya mtambo. Bomba la chini limepindwa kama shingo ya bata, hata wakati wote hubaki matope ndani ya kipindo. Matope hayo ndiyo kizibo. Gesi ikitaka kupita chini lazima kwanza iyasukume nje.

Sasa pimeni nguvu ya kizibo hicho. Tuseme kina kimo cha mita 3, na matope ni yaleyale ya uzito wa 1.2. Hukandamiza kwa kilo 0.36 kwa kila sentimita mraba. Kumbukeni kwamba kule chini ya kisima tulihesabu kilo 360. Kumbe kizibo cha mtambo huu kina nguvu ya sehemu moja tu katika elfu! Kama gesi yaingia polepole, bomba la juu huimeza yote, na kizibo hukaa kimya. Kama yaingia kwa wingi kuliko bomba la juu linavyoweza kuimeza, nguvu hujikusanya ndani ya pipa, kizibo hutupwa nje, na gesi hufuata njia ya matope mpaka kwenye chekeche na matangi, katikati ya watu, taa na mota.

Kwa hiyo mtambo wa kutenganisha gesi ni mtumishi mwema, lakini ana kipimo chake. Si ngome ya kukimbilia wakati kisima kimekwisha kushinda. Humsaidia yule tu aliyewahi kufunga kisima mapema na kuitoa gesi kidogo kidogo. Jambo hili si la vitabuni tu. Limelipiwa kwa damu.

USIKU WA TAREHE 20 APRILI 2010

Katika Ghuba ya Mexico, kiasi cha kilomita 66 kutoka pwani ya Louisiana, Marekani, kilielea chombo kikubwa cha kuchimbia kiitwacho Deepwater Horizon. Kilikuwa mali ya kampuni ya Transocean, nacho kilikodiwa na kampuni ya BP. Kisima chao kiliitwa Macondo. Maji mahali pale yana kina cha mita 1,500 hivi. Watu 126 walikuwa ndani ya chombo.

Kazi ya kuchimba ilikuwa imekwisha, na kisima kilikuwa kimezibwa kwa saruji chini. Siku ile walikuwa wakijiandaa kuondoka. Walifanya jaribio la kupunguza uzito juu ya saruji ili waone kama imeshika. Dalili zilionyesha kwamba haikushika, lakini wakubwa wa kazi walizisoma vingine, wakakubali kwamba kisima ki salama. Jioni wakaanza kuyaondoa matope mazito na kuweka maji ya bahari, ambayo ni mepesi. Mlinzi wa kwanza akawa anaondolewa zamuni. Tena siku ile matope yalikuwa yakihamishwa kutoka tangi hadi tangi, na mengine yamepelekwa katika meli iliyokuwa kando, hata ikawa vigumu kujua kama yanayotoka kisimani yalingana na yanayoingia.

Gesi ikaanza kupanda. Mpaka wachimbaji walipotambua, ilikuwa imekwisha kupita vali kubwa zilizoko chini baharini, imeingia katika bomba refu liendalo juu mpaka chomboni, na hapo hakuna tena kitu cha kuizuia. Karibu saa 3.40 usiku matope yalianza kufurika juu ya sakafu ya mnara. Wachimbaji wakajaribu kufunga kisima, na mtiririko wote wakauelekeza katika mtambo wa kutenganisha gesi na matope.

Palikuwako njia nyingine: mabomba mapana ya kuutupa mtiririko wote nje, baharini. Tume iliyoundwa na Rais Barack Obama kuchunguza msiba huo ilieleza katika taarifa yake ya Januari 2011 kwamba njia hiyo huenda ingewapa watu muda zaidi. Mtambo ulizidiwa mara moja. Uchunguzi wa BP yenyewe ulionyesha kwamba bomba lake la kutolea gesi lilikuwa limepindwa mdomoni kuelekea chini. Gesi ikatapikwa juu ya chombo na kukifunika. Injini za kutengeneza umeme zikaanza kwenda mbio kupita kiasi, taa zikazimika, na saa 3.49 mlipuko ukatokea. Tangu kufurika kwa matope mpaka moto, hazikufika dakika kumi.

Watu 11 walikufa. Wenzao 115 waliokoka, baadhi yao wakiwa na majeraha makubwa. Baada ya siku mbili chombo kilizama. Kisima kilitapika mafuta baharini siku 87, yakaharibu pwani na kuwaondolea wavuvi wengi riziki yao.

Si haki kuwalaumu wale waliokuwa mnarani kwa dakika zile za mwisho. Mtu anayepewa dakika chache katika giza na makelele huchagua njia aliyoizoea, na mtambo ule ndio waliozoea kuutumia siku zote. Kosa kubwa lilitendeka mchana, kwa utulivu, wakati dalili zilipoonekana na hazikuaminiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kisimani ule ukuta haujengeki tena.

MAMBO YA KUMWAMBIA KIJANA

Tufanye nini basi? Tuwakataze vijana wetu kazi ya visima? Hapana. Visima vingi vimechimbwa na kumalizika salama, na watu wamerudi nyumbani na mishahara yao. Lakini mzazi ambaye amefahamu habari hii aweza kumpa mwanawe maneno yenye faida kuliko kumwambia tu “Jihadhari.”

Amwambie hivi. Ukifika kazini, uliza kwanza bomba la gesi la mtambo ule laelekea wapi, na upepo wa mahali pale hutoka upande gani. Uliza king'ora cha gesi hulia namna gani, na mahali pa kukimbilia ni wapi. Kama ni haidrojeni salfaidi, jifunze kuvaa kifaa cha kupumulia kabla hujakihitaji, tena ukimbie kwenda juu na kuuelekea upepo, usikimbilie bondeni. Ukiona mwenzako ameanguka shimoni au tangini, usimrukie bila kifaa, maana wengi wamekufa wakimfuata mwenzao.

Ukipewa kazi ya kutazama matangi, usione ni kazi ya mtoto. Andika unachokiona, usiandike kile kilichoandikwa saa iliyopita. Matope yakizidi bila sababu, sema. Mzani ukionyesha wepesi, sema. Na kama mkubwa wako anakuambia si kitu, mwombe kwa heshima aje atazame kwa macho yake. Katika kampuni zenye utaratibu mzuri mfanyakazi yeyote, hata mdogo, huruhusiwa kusimamisha kazi akiona hatari. Uliza siku ya kwanza kama ruhusa hiyo ipo. Jibu utakalopewa litakueleza mengi juu ya mahali ulipofika.

Na wenye kampuni nao wana deni lao. Chombo kipimwe kwa kadiri ya kisima, bomba lake lielekezwe mbali na watu, na amri za siku ya hatari zifundishwe siku ya amani, ili mtu asianze kuchagua njia huku matope yanamfurikia miguuni.

Gesi haina hasira wala huruma. Hupanda, huvimba, na hutafuta mlango. Mitambo tuliyoieleza humfungulia mlango salama yule anayewahi. Kazi ya kuwahi ni ya mtu mwenye macho, mzani na daftari, naye aweza kuwa mtoto wa jirani yako.